Kadi ya kliniki ilichukuliwa na maji, na sasa naona haya kurudi

Shikamoo mama mshauri,

Ninakuandikia kutoka Mbagala, Dar es Salaam, ambako nimehamia na wanangu watatu baada ya mafuriko ya Rufiji ya mwaka 2024 kutuondolea nyumba na shamba. Tunaishi kwa wifi yangu. Mume wangu amebaki Rufiji anajaribu kulima tena, nasi huonana naye mara moja kwa mwezi, pengine miwili.

Mkubwa wangu ni msichana wa miaka 12, yupo darasa la sita. Wa pili ni mvulana wa miaka miwili na miezi minne, na kitindamimba ana miezi saba. Yule wa pili alipata chanjo zake zote kule Rufiji kwa wakati, hadi ile ya surua ya miezi tisa, ambayo alichomwa wiki chache tu kabla ya maji kuingia ndani. Kadi yake ya kliniki ilikuwa kwenye sanduku pamoja na vyeti vyetu, na sanduku lote lilikwenda. Tangu hapo hajapata chanjo nyingine, na nilikuwa nimejiambia kwamba akishapata ya miezi tisa amemaliza.

Nilipompeleka kitindamimba kwa chanjo ya wiki ya kumi, nilikwenda na kaka yake mgongoni. Nesi aliniuliza kadi ya huyo mkubwa, nikamweleza yaliyotupata. Alinijibu mbele ya wenzangu wote waliokuwa kwenye benchi kwamba mama anayejali hapotezi kadi ya mtoto. Nilinyamaza. Usiku ule mtoto alipata homa, akalia hadi alfajiri, na wifi akasema hizo sindano zimezidi. Ilipofika wiki ya kumi na nne mtoto alikuwa na mafua, nikasema nitampeleka akipona. Alipona, lakini mimi ndiye sikuipona ile aibu, na hadi leo sijarudi.

La tatu linanisumbua zaidi. Shuleni kwa binti yangu walikuja kutoa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Wifi akakataa katakata, akisema kwamba chanjo hiyo inawafunga watoto wa kike kizazi, na kwamba kama ingekuwa ya heri wangechanjwa na wavulana. Sikumpeleka shule siku ile. Nilipompigia simu baba yake, alisema tuamue sisi wanawake. Tunaishi chini ya paa la wifi, kwa hiyo unaelewa uzito wa neno lake.

Naomba unieleze: je, kitindamimba wangu ataanza upya? Wa pili akichomwa tena chanjo alizokwisha kupata atadhurika? Na hilo la kufungwa kizazi lina ukweli wowote? Nikipata nauli ya kumpeleka mmoja tu kwanza, nianze na yupi?

Mama wa watoto watatu, Mbagala

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa nyumba, kwa shamba, na kwa maneno uliyoambiwa mbele ya watu.

Nianze na hayo maneno, kwa sababu ndiyo yaliyomkosesha mtoto wako dozi, wala si mafua. Nilifanya kazi katika chumba cha chanjo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nakiri kwamba sisi watumishi tumewahi kuwakaripia akina mama tukidhani kwamba ukali utawafanya wasichelewe tena, ilhali mama aliyekaripiwa Jumanne harudi Jumanne inayofuata, na anayebaki bila kinga ni mtoto asiyejua lolote kuhusu kadi. Kunyang'anywa kadi na mafuriko si uzembe. Chanjo zilizomo katika ratiba ya taifa hutolewa bila malipo, na kukosa kadi si sababu ya kumrudisha mtoto nyumbani. Ukipokelewa vibaya tena, omba kwa heshima kuonana na mganga mfawidhi wa kituo, umweleze kama ulivyonieleza mimi. Na kama moyo bado ni mzito, nenda kituo kingine, kwa kuwa hulazimiki kumalizia chanjo pale ulipozianzia.

Sasa mdogo. Hapana, hataanza upya. Dozi mbili alizopata zimeufundisha mwili wake kuwatambua maadui, na mafunzo hayo hayafutiki kwa sababu dozi ya tatu imechelewa. Ya tatu itakuja kujenga juu ya msingi uliopo. Kinachokatazwa ni kuzisogeza dozi karibu mno, yaani chini ya wiki nne kati ya moja na nyingine, lakini zikiachana kwa miezi tunaendelea pale tulipoishia. Ukimfikisha kliniki atapata dozi ya tatu ya ile sindano inayokinga magonjwa matano kwa pamoja, ambayo ni dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na bakteria wa Hib wanaoleta homa ya uti wa mgongo na nimonia. Atapata pia dozi ya tatu ya chanjo ya nimonia, matone ya polio, na sindano ya polio ambayo katika ratiba yetu huanza wiki ya 14 na ambayo hajawahi kuipata kabisa. Mwulizie na matone ya vitamini A, ambayo hutolewa kuanzia miezi sita, maana huenda nayo yamempita.

Usishtuke kuona sindano zaidi ya moja siku moja. Mtoto anayetambaa sakafuni na kutia kila kitu mdomoni hukutana na vijidudu vingi zaidi kwa siku moja kuliko vilivyomo katika sindano zote hizo, na mwili wake una uwezo wa kujibu chanjo kadhaa kwa wakati mmoja. Kuzigawa katika siku tofauti humwongezea safari na siku za kukaa bila kinga.

Ile homa ya usiku ilikuwa mwili ukiitikia chanjo. Sehemu ya kifaduro iliyomo ndani ya sindano ile ndiyo hasa huleta joto, uvimbe kidogo pajani na kulialia, na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Mnyonyeshe mara kwa mara, mvishe nguo nyepesi, na akichemka mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake kama nesi atakavyokuelekeza, lakini usimpe kabla ya sindano kwa kujihami. Yakitokea degedege, kulia mfululizo kwa saa tatu au zaidi, kulegea au kupumua kwa shida, mrudishe kituoni saa hiyohiyo, na jambo hilo liandikwe kwenye kadi ili anayemhudumia baadaye alijue. Mafua, kikohozi chepesi na joto dogo havizuii chanjo. Nimewaona akina mama wengi wakisubiri mtoto awe mzima kabisa, na katika mwaka wa kwanza wa maisha siku za namna hiyo ni chache. Mtoto anayeumwa sana, kiasi cha kuhitaji kulazwa, huyo atibiwe kwanza. Lakini uamuzi huo uache kwa mtaalamu atakayemwona, usiufanye peke yako nyumbani.

Kwa mwanao wa pili, ulipojiambia kwamba amemaliza ndipo palipo na tatizo, na hukosei peke yako. Kliniki za miezi ya mwanzo hujaa, lakini mtoto akishapata surua ya miezi tisa na kuanza kutembea, kadi huwekwa chini ya godoro na hakuna anayeikumbuka tena. Ratiba yetu ina dozi ya pili ya surua na rubella mtoto anapotimiza miezi 18, na wa kwako ameipita kwa miezi kumi. Watu huidhani kuwa ni ya nyongeza tu, ya kuhuisha ya kwanza. Sivyo. Mtoto huzaliwa na kinga ya surua aliyorithi kwa mama yake, na kinga hiyo inapokuwa bado haijaisha mwilini huweza kuizima chanjo kabla haijafanya kazi. Ndiyo maana tunasubiri hadi miezi tisa, na hata hapo takriban watoto 15 katika kila 100 hawajengi kinga kwa dozi ya kwanza. Mama hawezi kujua kama mwanawe ni miongoni mwa hao 15, kwa kuwa hakuna dalili ya nje. Dozi ya pili huwapatia nafasi nyingine wale ambao ya kwanza haikuwashika.

Naisisitiza surua kwa sababu mgonjwa mmoja, asipozungukwa na watu wenye kinga, huweza kuwaambukiza wengine kati ya 12 na 18, na hewa ya chumba alichokuwamo hubaki na virusi kwa muda wa hadi saa mbili baada ya yeye kutoka. Mbagala si mahali pa nyumba zilizoachana. Mtoto akiugua, madhara hayaishi na vipele, kwa maana virusi vya surua hufuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga ambayo mwili ulikuwa umeijenga dhidi ya magonjwa mengine, na kwa miezi mingi baadaye mtoto huyo hushikwa kwa urahisi na nimonia na kuhara. Mwanao bado anaweza kuipata dozi hiyo leo. Kuvuka miezi 18 hakumfungii mlango.

Kuhusu kadi, usiende mikono mitupu hata kama huna karatasi. Mwambie baba yao, kwa kuwa yupo Rufiji, apite katika zahanati alikochanjwa mtoto na kuomba wafungue rejesta ya watoto, ambamo jina la mtoto, la mama na tarehe za chanjo huandikwa kila siku ya kliniki. Vituo vingi sasa huingiza taarifa hizo pia katika mfumo wa kielektroniki. Zikipatikana, apige picha ukurasa huo na kukutumia kwa simu. Wewe nawe andika unayoyakumbuka: mwezi aliozaliwa, kituo alichohudhuria, na kwamba surua ya kwanza aliipata muda mfupi kabla ya mafuriko ya Aprili 2024. Mwangalie begani kulia kama kuna kovu dogo la chanjo ya kifua kikuu. Kovu hilo ni ushahidi ambao maji hayakuuondoa.

Rejesta isipopatikana, nesi anaweza kuamua kwamba dozi zisizo na ushahidi zihesabiwe kuwa hazikutolewa, na hapo baadhi zitarudiwa kulingana na umri wake. Usimkatalie. Kurudia chanjo ambayo mtoto alishaipata hakumdhuru; linaloweza kutokea ni mkono au paja kuvimba na kuuma zaidi kwa siku chache. Kumhesabu kuwa ana kinga asiyokuwa nayo ndiko kunakoweza kumgharimu. Utapewa kadi mpya. Ipige picha kila anapochanjwa, umtumie na baba yake, kisha uihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni.

Jambo moja dogo ambalo huwavunja moyo akina mama, na afadhali ulijue mapema, ni kwamba chanjo ya surua na rubella huja katika kichupa chenye dozi kumi, na kikishachanganywa na maji yake hakina budi kutumika ndani ya saa sita, kisha kinachobaki kinamwagwa. Baadhi ya watumishi wakiwa na mtoto mmoja tu huogopa kukifungua na kumwambia mama arudi siku nyingine. Binafsi naona kumrudisha mama aliyekuja ni hasara kubwa kuliko dozi tisa zinazomwagwa, kwa sababu yeye huenda asirudi. Ulizia mapema kituo hicho hutoa surua siku gani, uende siku hiyo asubuhi.

Sasa binti, na wifi yako. Nataka nilitendee haki swali lake, kwa sababu si la kipuuzi. Watu wanapoona sindano inatolewa kwa wasichana pekee, tena wanaokaribia kuvunja ungo, ni jambo la kibinadamu kuuliza kuna nini, na sisi watumishi tumekuwa wepesi wa kutangaza tarehe ya chanjo na wazito wa kulijibu swali hilo.

Jibu lenyewe ni hili. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na kirusi kiitwacho HPV, ambacho huambukizwa kwa njia ya kujamiiana na ambacho watu wengi hukipata wakati fulani maishani bila kujua. Kwa wanawake wengi mwili hukiondoa wenyewe. Kwa baadhi hubaki, na baada ya miaka kumi, kumi na tano au ishirini hugeuza chembe za mlango wa kizazi kuwa saratani. Hapa Tanzania saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanawake. Wavulana nao hukipata kirusi hicho na huweza kupata saratani za aina nyingine, na zipo nchi zinazowachanja pia, lakini mzigo mkubwa kabisa ni wa wanawake, na penye dozi za kuhesabu huanziwa kwa yule aliye hatarini zaidi. Hiyo ndiyo sababu ya wasichana peke yao.

Ndani ya chanjo hamna kirusi, si kilicho hai wala kilichouawa. Kuna protini iliyotengenezwa kufanana na ganda la nje la kirusi, ili mwili uitambue sura yake kabla ya kukutana nacho. Haiendi kwenye mfuko wa uzazi wala kwenye ovari. Australia ilianza kuwachanja wasichana kwa mpango wa taifa mwaka 2007, na wasichana wa wakati ule leo ni akina mama wanaozaa. Huko Scotland, utafiti uliotolewa Januari 2024 haukukuta hata mgonjwa mmoja wa saratani vamizi ya mlango wa kizazi miongoni mwa wanawake waliokamilisha chanjo wakiwa na umri wa miaka 12 au 13. Umri huo ndio wa binti yako, na huchaguliwa kwa sababu chanjo hufanya kazi vizuri zaidi kabla ya kukutana na kirusi, na mwili wa umri huo hujenga kinga imara. Kumchanja hakumaanishi kwamba unamdhania vibaya. Mdogo wake alichanjwa surua kabla hajaugua surua, na hili ni jambo la namna hiyohiyo.

Kinachomwondolea mwanamke uzazi ni saratani yenyewe na matibabu yake. Nimewasindikiza wanawake hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, wengine wakiwa bado vijana, na wengi hufika wakiwa wamechelewa. Tiba mara nyingi ni kuondolewa mfuko wa uzazi, au mionzi ambayo nayo huifunga njia ya kuzaa. Wifi yako anachokihofia kwa mtoto huyu kipo kweli, ila hakipo kwenye sindano. Mwambie hivyo kwa upole. Mwambie pia kwamba umelithamini neno lake kiasi cha kuomba mfuatane naye kliniki, ili amwulize mtaalamu mwenyewe, uso kwa uso, kila linalomtia shaka. Mtu aliyewahifadhi wanne chini ya paa lake baada ya mafuriko anawapenda watoto hawa, na ningependa mwende pamoja kuliko umfiche. Na baba yao mpigie tena, umsomee barua hii. Kusema "amueni ninyi" kumekuacha peke yako mbele ya dada yake, na neno lake moja la kukubali lingekupunguzia mzigo mkubwa.

Siku ile ya shuleni haikuwa nafasi ya mwisho. Tangu mwaka 2018 chanjo hii ilitolewa nchini kwa dozi mbili, lakini mwaka 2024 Tanzania ilihamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na hupatikana pia katika vituo vya afya. Kwa hiyo ni sindano moja tu, na bado ana muda, ingawa akishatimiza miaka 15 atakuwa nje ya umri unaolengwa na mpango wa taifa. Achomwe akiwa ameketi na amekwisha kula, akae hapo dakika 15, kwa kuwa wasichana wa umri huu wakati mwingine huzimia kwa hofu ya sindano yenyewe. Msichana anayeishi na VVU huhitaji zaidi ya dozi moja, na hilo husemwa kwa faragha kwa mtoa huduma. Akiwa mtu mzima atapaswa bado kupimwa mlango wa kizazi, kwa sababu chanjo haizuii kila aina ya kirusi hicho.

Umeuliza uanze na yupi. Kituo kikiwa cha kwenda kwa miguu, chukua wote watatu siku moja. Nauli ikiwa ya mmoja, beba mdogo, wiki hii, hata akiwa na mafua, kwa sababu kifaduro huua hasa watoto walio chini ya mwaka mmoja. Wa pili apelekwe mara tu baada yake, siku ya surua. Binti anaweza kusubiri wiki mbili au tatu ukiwa unazungumza na shangazi yake. Mdogo atakapotimiza miezi tisa, yaani kama wiki nane tangu sasa, atarudi kwa surua yake ya kwanza, na ya pili atakapofikisha miezi 18. Mwombe nesi aiandike tarehe hiyo ya pili kwenye kadi leo hiihii, kwa kalamu ya wino, nawe iandike ukutani.